Sura ya Saba: Shaba na Ganda la Korosho

Katika korosho ibanguliwayo Masasi au Newala, kusini mwa Tanzania, sehemu iliyo nzito kuliko zote ni ile isiyoliwa. Ganda huchukua zaidi ya nusu ya uzito wa korosho ghafi, na ndani yake, katika vishimo vidogo vidogo vilivyo baina ya ngozi ya nje na ya ndani, hukaa mafuta mazito ya rangi ya hudhurungi ambayo kila mtoto wa uwanda wa Makonde ameonywa asiyatie mdomoni. Mwenye pupa aing'ataye korosho mbichi midomo yake huvimba na kubabuka, na mikono ya akina mama wabanguao majumbani hubaki na weusi na mabaka kwa siku nyingi, ijapokuwa huipaka majivu kabla ya kushika kazi. Bati lililotobolewa matundu huwekwa juu ya mafiga, korosho zikatandazwa na moto ukachochewa chini yake. Baada ya kitambo mafuta huanza kutoka magandani na kudondokea motoni, ndimi za moto zikapanda na moshi mweusi ukatanda uani, na mkaangaji, akisimama upande utokako upepo, hugeuza kwa mti mrefu pasipo kusita mpaka maganda yamekuwa mkaa, ndipo bati humwagwa chini, moto ukazimwa kwa mchanga, na korosho moja moja ikagongwa kwa jiwe. Kokwa huliwa au huuzwa. Mafuta yote yamekwisha teketea.

Sura hii ni habari ya mafuta hayo, na ya jambo moja ambalo elimu ya kemia imelibainisha juu yake: kwamba ndani yake mna asidi yenye uwezo wa kuishika shaba na chuma kwa namna ambayo misombo mingi haiwezi, na kwamba metali, ikishashikwa hivyo, hubadilika tabia yake mbele ya kila chenye uhai, iwe kuvu ya jani, au bakteria ya jipu, au seli ya mwili wa binadamu. Lakini ili msomaji apate kulipima jambo hilo kwa mizani iliyo sawa, hatuna budi kuanzia mbali kidogo, dukani kwa muuza dawa za asili wa pwani.

Huko hupatikana mrututu, yale mawe ya samawati ambayo wazee waliyasaga na kuyanyunyizia vidonda sugu visivyotaka kufunga. Mrututu ni chumvi ya shaba iliyotokana na asidi ya salfa, nayo imebeba maji ndani yake. Ukiuweka juu ya moto, maji hutoka na rangi hutoweka, ukabaki unga mweupe. Ukiudondoshea maji tena, samawati hurejea palepale. Ukiuyeyusha majini kisha ukatia amonia, samawati ile hafifu hukoza ghafula ikawa ya kina kirefu. Ukitia chumvi ya kula kwa wingi, huelekea kijani. Katika mageuzi hayo yote shaba ni ileile, haikuongezeka wala haikupungua. Waliobadilika ni wale walioizunguka. Kwanza ilizungukwa na maji, kisha na amonia, kisha na klorini, na kila kundi la wazungukaji liliipa rangi yake, na pamoja na rangi likaipa mwenendo wake.

Metali zenye tabia hii ni zile zikaazo katikati ya jedwali la elementi, nazo huitwa metali za mpito: chuma, manganizi, kobalti, nikeli, shaba, platini na jamaa zao. Zinki aghalabu hutajwa pamoja nazo, ijapokuwa wanakemia wengi huitoa katika ukoo huo. Kitu kilichoizunguka metali na kuishika huitwa ligandi, na muungano wa metali na ligandi zake huitwa changamano.

Mtu aliyeifasiri siri hiyo kwa ukamilifu ni Alfred Werner, mzaliwa wa Alsace aliyefundisha Zürich, ambaye mwaka 1893, akiwa na umri wa miaka 26 tu, alitoa nadharia iliyowashangaza wakubwa wa elimu yake. Siku zile wanakemia walikuwa wakitatizwa na chumvi za kobalti zilizo na klorini tatu na amonia kadha wa kadha: yenye amonia sita ilikuwa ya manjano, yenye tano ilikuwa ya zambarau, na yenye nne ilikuwa ya kijani. Ukizitia nitrati ya fedha, ambayo kazi yake ni kuinasa klorini iliyo huru na kuituliza chini kwa weupe, chumvi ya kwanza hutoa klorini zote tatu, ya pili hutoa mbili tu, na ya tatu hutoa moja. Zilizosalia zilikwenda wapi, ilhali vipimo vya uzito vinashuhudia kwamba zimo? Werner alijibu kwamba kobalti ina viti sita vya karibu, na kila kiti sharti kikaliwe: amonia zikiwa sita hujaza viti vyote na klorini hubaki nje, huru, amonia zikipungua, klorini huingia kuvijaza vilivyo wazi, na ikiisha kuketi haisikii tena mwito wa fedha. Kwa kazi hiyo alitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1913. Mimi huihesabu kuwa miongoni mwa hoja nzuri kabisa zilizopata kutolewa katika sayansi, kwa sababu haikuhitaji chombo cha thamani, ila chupa, mizani, na akili iliyokataa kuridhika na jibu la nusu.

Yale ambayo Werner aliyaona chupani, mwili wetu huyatenda kila pumzi. Chuma kilicho katika damu hakikai peke yake. Kimeshikwa katikati ya pete ya himu, na pete hiyo imefichwa ndani ya protini ya himoglobini, hata kikaweza kuipokea oksijeni mapafuni na kuiachilia misulini bila ya kushika kutu. Chuma hichohicho kikiwa huru ni sumu: vidonge vya chuma wanavyopewa wajawazito kliniki kwa manufaa yao vinaweza kumuua mtoto mdogo avimezaye kwa wingi. Kijidudu cha malaria, adui mkubwa wa watu wa kusini, nacho kinalijua jambo hili kwa namna yake. Kikiingia katika chembe nyekundu hula himoglobini, lakini himu ibakiayo baada ya mlo ni sumu kwake, kwa hiyo huifungasha katika fuwele ngumu isiyodhuru. Klorokwini iliua kwa kuzuia ufungashaji huo, mpaka vijidudu vilipoizoea na Tanzania ikaiacha mwaka 2001 isiwe tena dawa ya kwanza. Artemisinini, ambayo zao lake limo katika dawa mseto ya ALu itolewayo leo hospitali na zahanati, nayo huamshwa na chuma hicho cha himu: kifungo cha oksijeni kilicho ndani ya molekuli yake huvunjika kikutanapo na chuma, na vipande vyake hushambulia protini za kijidudu. Ajuaye hayo hatashangaa kusikia kwamba watafiti wanaitafuta dawa katika metali.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni wa platini. Msombo ulioundwa na Michele Peyrone, Mwitaliano, mwaka 1844, wenye platini moja iliyoketi katikati ya klorini mbili na amonia mbili, ulikaa makabatini zaidi ya miaka 100 pasipo mtu kujua faida yake. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, alikuwa akipitisha umeme katika maji yenye bakteria kwa vijiti vya platini, akaona bakteria wameacha kugawanyika na wamerefuka kupita kiasi. Alidhani ni kazi ya umeme. Uchunguzi ukadhihirisha kwamba platini kidogo iliyeyuka kutoka vijitini, ikaungana na klorini na amonia zilizomo, na msombo wa Peyrone ndio uliosimamisha mgawanyiko. Mwaka 1978 dawa hiyo, sisplatini, iliruhusiwa Marekani kwa matibabu ya saratani, na hata leo wanawake wenye saratani ya shingo ya kizazi wanaosafiri kutoka mikoa ya kusini kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hupewa pamoja na mionzi. Jambo la kuzingatia zaidi ni hili: klorini mbili zikikaa upande mmoja dawa hufanya kazi, zikikaa pande zinazokabiliana, kwa hesabu ileile ya atomi, haina faida kwa mgonjwa. Platini ni ile, walioishika ni wale, tofauti ni mpangilio wa viti.

Ama sasa turudi kwenye ganda la korosho. Mafuta yake yakikamuliwa pasipo moto, zaidi ya nusu yake ni asidi ya anakadi, na salio kubwa ni kadoli na kadanoli. Umbile la asidi hiyo ni jamaa wa karibu wa asidi ya salisili, ile izaayo aspirini: pete ya kaboni sita, na juu ya pete vikundi viwili vilivyokaa jirani, kimoja cha asidi na kimoja cha hidroksili, na ubavuni mkia mrefu wa kaboni 15. Vikundi hivyo viwili, kwa ujirani wao, huweza kuibana metali kwa pamoja, mfano wa kaa ashikavyo windo kwa gando lake, na ashikaye kwa pande mbili haachi kwa wepesi kama ashikaye kwa upande mmoja. Mkia nao una kazi yake, maana hupenda mafuta, na ngozi ya nje ya kila seli ni mafuta. Mwaka 1995 wanakemia wa India walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba asidi ya anakadi huzibeba metali kwa uteuzi, ikipendelea chuma na shaba. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Egid Mubofu na wenzake wameitumia asidi hiyohiyo kuvika chembe ndogo mno za misombo ya metali ili zisigandamane. Kwa hiyo gando hili si dhana ya karatasini.

Namna ya kuunda changamano ni rahisi kuieleza, ijapokuwa mikono isiyo na subira haiifai. Sharti la kwanza ni kuepuka moto mkali, kwa sababu asidi ya anakadi ikipashwa joto kubwa hupoteza kikundi chake cha asidi, kikaondoka katika sura ya hewa ya ukaa, na kinachobaki ni kadanoli yenye upande mmoja tu wa gando. Mafuta ya viwanda vikaangavyo korosho kwa joto ni kadanoli kwa sehemu kubwa. Yafaa kwa rangi na breki za magari, wala hayafai kwa kazi yetu. Mafuta yaliyokamuliwa baridi huyeyushwa katika methanoli, kisha hutiwa chokaa iliyozimwa na kupashwa moto wa wastani huku yakikorogwa. Asidi huungana na kalsiamu ya chokaa na kutuama chini, hali kadoli na kadanoli zikisalia juu. Masimbi huchujwa na kuoshwa, kisha hutiwa asidi ya hidrokloriki, ambayo huichukua kalsiamu na kuiachilia asidi ya anakadi safi. Asidi hiyo huyeyushwa tena katika methanoli, ikatiwa alkali kidogo ili iachie hidrojeni zake, na chumvi ya shaba, aghalabu asetati, humiminwa taratibu kwa kipimo cha molekuli moja ya shaba kwa mbili za asidi. Rangi hugeuka kuwa ya kijani, na changamano hujitenga na kimiminiko.

Kuipata rangi si kuipata hakika. Mwanakemia huimulika kwa mionzi ya infraredi ili aone kama mtikisiko wa kikundi cha asidi umehama mahali pake, dalili kwamba kimeishika metali. Huipima kaboni na shaba iliyomo, alinganishe na hesabu. Huipima usumaku, kwa kuwa shaba ya namna hii ina elektroni moja isiyo na mwenzake. Kipimo kikatacho shauri ni kile cha eksirei juu ya fuwele, lakini hapa korosho huleta mashaka yake. Mkia wa asidi ya anakadi huja kwa namna nne, wenye vifungo maradufu vitatu, viwili, kimoja, au pasipo hata kimoja, na mchanganyiko wa ndugu wanne wenye mikia inayoyumba haukubali kujipanga katika fuwele nzuri. Wengine huijaza mikia hiyo hidrojeni kwanza, ili wapate kitu kimoja kilicho thabiti. Nawaunga mkono, kwa kuwa asiyejua ameunda nini hawezi kueleza dawa yake imefanya nini.

Kisha huja mtihani wa uhai. Sahani ya agari hupakwa bakteria, juu yake huwekwa vidoto vya karatasi vilivyoloweshwa dawa, na baada ya usiku mmoja katika joto la nyuzi 37 mtafiti hupima kwa milimita duara lililobaki wazi kuzunguka kila kidoto. Asidi ya anakadi peke yake haikuja mtihanini mikono mitupu: katika miaka ya mwanzo ya 1990 Isao Kubo na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba huua bakteria waozeshao meno na wale waletao chunusi, ingawa bakteria wenye ngozi ya nje maradufu, kama wale wa tumboni, hawaijali sana. Swali ni kama shaba huiongezea nguvu.

Na hapa nataka kusema wazi, kwa maana nimesoma makala nyingi za namna hii kutoka nchi nyingi. Aghalabu mwandishi hutangaza kwamba changamano imeishinda ligandi, akatoa sababu ya kwamba metali ikishashikwa hupungua ugeni wake mbele ya mafuta na hivyo hupenya seli. Sababu hiyo huenda ikawa kweli, lakini mara nyingi hunukuliwa bila ya kupimwa. Shaba yenyewe huua bakteria, na mrututu wa dukani huua vilevile. Mtafiti asiyeweka kidoto cha chumvi ya shaba tupu, yenye shaba sawasawa na ile iliyomo katika changamano yake, hajathibitisha kwamba gando limefaa kitu. Fauka ya hayo, molekuli ipendayo mafuta husafiri kwa uzito katika agari, iliyo maji kwa sehemu kubwa, na duara lake dogo huenda likawa ni la uvivu wa safari, si la udhaifu wa dawa. Na atakaye kumpa binadamu dawa hiyo lazima kwanza aulize kama changamano itabaki nzima ndani ya damu, ambamo albumini nayo hushika shaba kwa nguvu, na kama seli zetu zitasalimika. Mpaka hapo duara ni duara, halijawa tiba.

Kwa watu wa Newala na Masasi, mtihani ulio karibu zaidi si wa hospitalini, ni wa shambani. Mavuno ya korosho ya Tanzania yalifika kiasi cha tani 145,000 msimu wa 1973/74, yakaporomoka hata chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Kuhamishiwa vijijini kuliwatenga wakulima na mikorosho yao, bei iliwavunja moyo, na juu ya hayo ukaja ubwiri unga, kuvu ifunikayo maua na majani machanga kwa weupe katika miezi ya umande na baridi, tangu Juni hata Septemba, maua yakakauka kabla ya kushika. Tiba iliyookoa zao ni salfa ya unga, ipulizwayo alfajiri wakati umande ungali majanini, pamoja na miche bora ya Kituo cha Utafiti cha Naliendele, Mtwara. Lakini salfa iangukayo chini hugeuka asidi udongoni, na katika miaka ya 1990 watafiti walianza kuipima athari hiyo, kwa kuwa mchanga wa uwanda huu una rutuba haba na kinga ndogo.

Shaba ingeweza kusaidia? Mwaka 1885 Pierre Millardet wa Bordeaux, Ufaransa, alitangaza mchanganyiko wa mrututu na chokaa uliookoa mizabibu, na dawa za shaba zimetumika tangu siku zile katika mazao mengi, kahawa yetu ikiwamo. Changamano ya shaba na asidi ya ganda, kwa kuwa hupenda mafuta, yatazamiwa kushikamana na nta ya jani isioshwe upesi. Ila ubwiri unga hauoti katika sahani ya agari, kwa maana kuvu yake huishi juu ya tishu hai tu. Maduara yote ya maabara hayatuambii neno juu yake. Sharti changamano ijaribiwe juu ya majani machanga yaliyo hai, kisha juu ya mikorosho yenyewe katika miezi ya umande, safu moja ikipulizwa changamano, ya pili mrututu wenye shaba sawa, ya tatu asidi ya ganda bila shaba, ya nne salfa aliyoizoea mkulima, na ya tano maji matupu. Na udongo wa chini ya safu hizo upimwe kila mwaka, kwa kuwa shaba haiozi: mashamba ya mizabibu ya Ulaya yaliyopulizwa kwa vizazi yamelimbikiza shaba nyingi ardhini, na katika udongo ambao salfa imekwisha uongezea asidi, shaba hulegea na kufikia mizizi kwa wepesi zaidi kuliko katika udongo wa chokaa.